Mfalme Aota, Mateka Afasiri



Mtu wa pwani akiamka asubuhi na kusema, "Usiku nimeota," aliye karibu naye hamwachi aendelee hivi hivi. Humkatiza kwa neno moja, "Kheri," kisha ndipo hutega sikio. Neno hilo si la adabu tupu. Ndani yake mna imani ya kale sana kwamba ndoto haijatimia mpaka itamkiwe maana, na kwamba kinywa cha kwanza kuitamkia maana kina uzito wake. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa ndoto ya karani au ya mama lishe, tufikiri basi ndoto ya mfalme, ambayo maana yake yaweza kuwagusa watu wa miji na mashamba wasiomjua wala yeye hawajui.

Juma hili napenda tuifungue Biblia ya Kiebrania, ile ambayo Wakristo huiita Agano la Kale, tuwatazame wafalme walioota na watu walioitwa kuwafasiria. Limenivuta swali moja ambalo nimeulizwa zaidi ya mara moja: Je, Mfalme Nebukadreza wa Babeli aliisahau kweli ndoto yake? Swali laonekana dogo. Lakini kila nilipolifuata liliniongoza kwenye jambo kubwa zaidi, nalo ni hili: nani awezaye kumwambia mwenye enzi neno asilotaka kulisikia, na baada ya kumwambia, hutokea nini?

Tuanze nje ya Israeli, kwa sababu huko ndiko ndoto ilikokuwa mali ya ufalme. Pale Giza, nchini Misri, katikati ya miguu ya mbele ya lile sanamu kubwa la Sphinx lenye kiwiliwili cha simba na kichwa cha mtu, limesimama bamba la jiwe lililochongwa kwa amri ya Farao Thutmose wa Nne, yapata mwaka 1400 K.K. Maandishi yake yaeleza kwamba alipokuwa bado mwana wa mfalme, alijilaza adhuhuri moja kivulini mwa sanamu hilo. Usingizini mungu akamwahidi ufalme, naye akatakiwa auondoe mchanga uliokuwa ukilifukia sanamu. Mchanga ukaondolewa, ufalme ukapatikana. Wako wataalamu wanaohisi kwamba Thutmose hakuwa wa kwanza katika safu ya warithi, na kwamba ndoto ile iliwanyamazisha waliokuwa na maswali. Sina uwezo wa kuamua. Naona tu kwamba aliyeota ni mfalme, aliyefasiri ni mfalme, na aliyelipa mchonga mawe ni mfalme huyo huyo.

Wamisri walikuwa hata na kitabu cha ndoto. Nakala moja, iliyoandikwa juu ya mafunjo katika zama za Ramesesi wa Pili, imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London. Imepangwa kwa orodha: mtu akijiona ndotoni akitenda jambo hili, ni njema, akijiona akitenda lile, ni mbaya. Neno la "mbaya" limetiwa wino mwekundu, kama vile mwalimu anavyosahihisha daftari. Bila shaka waganga wa Farao walioitwa katika kitabu cha Mwanzo, wakashindwa, walidhaniwa na msimuliaji kuwa watu wa elimu ya namna hiyo.

Sasa twende Babeli. Nebukadreza alitawala tangu mwaka 605 hadi 562 K.K. Ndiye aliyeuteketeza mji wa Yerusalemu na hekalu lake, yapata mwaka 587 au 586, na kuwahamisha watu wake. Kitabu cha Danieli chamwonyesha mtu huyu wa kutisha akiwa amekosa usingizi. Akawaita waganga, wachawi na Wakaldayo, akawataka wamweleze ndoto yake. Nao wakajibu kama watu wa kazi hiyo wajibuvyo siku zote: tuambie ulichoota, nasi tutakufasiria. (Hapa, msomaji, pana jambo la ajabu: kitabu kilichoanza kwa Kiebrania chageuka kuwa cha Kiaramu papo hapo Wakaldayo wanapofungua vinywa vyao, na chaendelea katika lugha hiyo hadi mwisho wa sura ya saba.) Mfalme akakataa. Akataka waitaje ndoto yenyewe pamoja na maana yake, la sivyo watakatwa vipande na nyumba zao zitafanywa jaa.

Tafsiri za zamani, tangu ile ya Kigiriki inayohusishwa na jina la Theodotion, zilifahamu kwamba mfalme alisema jambo lile limemtoka. Kwa hiyo wengi wetu tumekua tukijua kwamba alisahau. Lakini neno la Kiaramu lililoko mahali hapo, azda, liliwasumbua wafasiri kwa karne nyingi. Siku hizi wataalamu walio wengi wanaliona kuwa limekopwa kutoka Kiajemi, na maana yake ni jambo lililo thabiti, lisilobadilika. Kwa fahamu hiyo mfalme hakusema, "Nimesahau." Alisema kwamba shauri lake limekatwa.

Nami naona kisa chenyewe chawaunga mkono hao wa pili. Mistari michache mbele, mfalme awashutumu wataalamu wake kwamba wamekubaliana kumwambia maneno ya uongo huku wakingoja nyakati zigeuke. Mtu aliyesahau hatoi shutuma hiyo. Huyu ni mtu anayekumbuka vizuri sana, tena anaogopa. Amekaa kitini muda wa kutosha kujua kwamba kila akilisimulia jambo mbele ya watu wanaokula mkate wake, jambo hilo litarudi limepakwa asali. Ndiyo maana akabuni mtihani. Atakayeweza kuitaja ndoto bila kuambiwa, huyo ndiye ambaye hata maana yake yaweza kuaminika. Ni mtihani wa kikatili, lakini si wa kipumbavu. Umaskini wa mfalme ni huo: ana dhahabu ya mataifa, wala hana mtu hata mmoja wa kumwamini kwa habari ya usiku mmoja.

Amri ya kuwaua wenye hekima ikatoka, na Danieli, kijana aliyechukuliwa mateka kutoka Yuda, akawa miongoni mwa waliotakiwa kuuawa. Akaomba muda, akarudi nyumbani kwa wenzake watatu, wakasali, na usiku siri ikafunuliwa kwake. Hapa siwezi kumpita mkuu wa walinzi, Arioki. Msimuliaji ametuambia waziwazi kwamba Danieli aliingia mwenyewe kuomba muda. Lakini jibu lilipopatikana, Arioki akamkimbiza hadi mbele ya mfalme na kutangaza kwamba yeye ndiye aliyemvumbua mtu kati ya mateka wa Yuda. Kila ofisi niliyowahi kuingia ilikuwa na Arioki wake.

Neno litumiwalo katika Kiaramu cha Danieli kwa "tafsiri" ni pishra. Ndugu yake wa Kibabeli, pasharu, alimaanisha kufungua, kama mtu afunguavyo fundo, na Wababeli walilitumia neno hilo kwa ndoto. Malkia wa sura ya tano amsifu Danieli kwa uwezo huo huo wa kufungua mafundo. Basi fundo alilolifungua mbele ya Nebukadreza lilikuwa hili: sanamu kubwa lenye kichwa cha dhahabu, kifua cha fedha, tumbo la shaba, miguu ya chuma, na nyayo za chuma kilichochanganyika na udongo, kisha jiwe lisilochongwa kwa mikono likazipiga nyayo, sanamu zima likawa kama makapi. Kichwa cha dhahabu ni wewe, akamwambia. Ni sifa kubwa, na hapana shaka mfalme alitabasamu. Lakini sentensi iliyofuata ilianza na habari ya ufalme mwingine utakaoinuka baada yake. Kwa kijana mateka kuyatamka hayo mbele ya mtu aliyekwisha kutia sahihi hati za kuua, palihitajika kifua.

Mfalme akaanguka kifudifudi, akampandisha Danieli cheo. Na je, alielewa? Fungua ukurasa. Sura ya tatu yaanza kwa Nebukadreza kusimamisha sanamu katika uwanda wa Dura, lenye kimo cha dhiraa 60, yaani karibu mita 27, na lote ni la dhahabu. Katika ndoto dhahabu ilikuwa kichwani tu. Msimuliaji hasemi kwamba sanamu la pili ni jibu la mfalme kwa lile la kwanza, ila wasomaji wengi tangu kale wamehisi hivyo, nami ni mmoja wao. Aliambiwa kwamba dhahabu ina mwisho, akaenda kutengeneza dhahabu isiyo na mwisho.

Ndoto yake ya pili ni ya mti uliofika mbinguni, ndege wakitua katika matawi yake na wanyama wakipata kivuli, kisha amri ikatoka ukatwe na kisiki kiachwe ardhini kikiwa na pingu ya chuma na shaba. Safari hii Danieli aliposikia alinyamaza kitambo, fikira zake zikamfadhaisha, hata mfalme mwenyewe akawa ndiye wa kumtuliza. Alipopata sauti alianza kwa kutamani ndoto ile iwaangukie wamchukiao mfalme. Ndilo lile "kheri" letu la asubuhi. Kisha akasema kweli: mti ni wewe, utafukuzwa kati ya watu, utakula majani kama ng'ombe. Akaongeza shauri ambalo hakuulizwa, kwamba mfalme aache dhambi zake kwa kutenda haki na kuwahurumia maskini, huenda raha yake ikazidishwa. Ikapita miezi kumi na miwili. Siku moja mfalme akatembea juu ya dari ya jumba lake akijisifu kwa mji alioujenga, na maneno yakiwa bado kinywani mwake hukumu ikashuka.

Wachimbuzi wa mambo ya kale hawajakuta habari kwamba Nebukadreza alikula majani. Walikuta kitu kingine. Miongoni mwa magombo ya Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kupatikana mwaka 1947 katika mapango ya Qumran, mna vipande vya sala ya Kiaramu inayotajwa kuwa ya Nabonidus, mfalme wa mwisho wa Babeli aliyeshindwa na Koreshi wa Uajemi mwaka 539 K.K. Humo yasimuliwa kwamba mfalme alipigwa na ugonjwa mbaya kwa miaka saba akiwa Teima, huko Arabuni, hadi alipopata msaada wa mpiga ramli wa Kiyahudi. Na Nabonidus wa historia kweli alikaa Teima yapata miaka kumi, akiuacha mji mkuu mikononi mwa mwanawe Belshaza. Huyo huyo ndiye aliyeandika, katika maandishi yaliyokutwa Sippar, kwamba miungu Marduki na Sini walimjia ndotoni kumwagiza alijenge upya hekalu la Harani. Wataalamu wengi kwa hiyo wanaona kwamba kisa cha mfalme mgonjwa kilihama kutoka kwa Nabonidus kikamwendea Nebukadreza aliyekuwa maarufu zaidi. Wengine, kwa imani yao, hawakubali. Mimi nastaajabia safari yenyewe: mfalme aliyechonga ndoto zake ili zimtukuze, watu aliowatawala walimkumbuka kwa namna yao wenyewe.

Kitabu cha Danieli, kama tulivyo nacho, wengi wa wataalamu wasema kilikamilishwa yapata mwaka 165 K.K., katika siku za Antioko wa Nne. Mfalme huyo alilinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 na kupiga marufuku dini ya Wayahudi. Kitabu cha Wamakabayo chasimulia kwamba aliyekutwa na gombo la Torati aliuawa. Watu waliojificha usiku kusoma habari za nyayo za udongo hawakuwa wakijiburudisha kwa ngano za Babeli. Walikuwa wakimsoma mfalme wao.

Hadi hapa msomaji aweza kudhani kwamba katika maandiko haya mfasiri ni mtu wa kumpunguza mfalme tu. La hasha. Yuko Yusufu, na habari yake ni ngumu zaidi.

Yusufu aliota mwenyewe akiwa na umri wa miaka 17: miganda ya ndugu zake iliinamia mganda wake. Ndugu hawakuhitaji mganga. Wakamwuliza papo hapo iwapo amekusudia kuwa mfalme juu yao, wakamchukia, na mwisho wakamwuza. Gerezani Misri aliwafasiria mnyweshaji mkuu na mwokaji mkuu, akatumia msemo mmoja wa Kiebrania kwa wote wawili, wa kuinuliwa kichwa. Wa kwanza kichwa chake kiliinuliwa kwa kurudishiwa kazi, wa pili kiliinuliwa kwa kutenganishwa na shingo. Mnyweshaji akamsahau miaka miwili kamili, hadi Farao alipoota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda.

Yusufu, sasa mtu wa miaka 30, akafasiri, kisha kama Danieli akatoa shauri asiloulizwa: katika miaka saba ya shibe litwaliwe fungu la tano la mazao, likawekwe akiba. Msomaji aliyelelewa kwa Kurani anaikumbuka Sura Yusuf, ambamo mtawala haitwi Firauni bali mfalme, na Yusufu mwenyewe anaomba awekwe juu ya maghala. Kisa hicho kimetungiwa tenzi za Kiswahili katika pwani yetu. Wote twakumbuka jinsi watu walivyookolewa.

Lakini Mwanzo, sura ya 47, yaendelea mahali ambapo masimulizi ya watoto huwa yamekoma. Njaa ilipokaza, Yusufu hakugawa nafaka. Aliiuza. Fedha yote ya Misri ikaingia nyumbani kwa Farao. Fedha ilipokwisha watu walileta farasi, kondoo, ng'ombe na punda. Mwaka uliofuata hawakuwa na kitu ila miili yao na mashamba yao, wakaviuza hivyo, na tangu hapo wakailima nchi ya Farao kwa mbegu ya Farao, wakimpa fungu la tano. Makuhani peke yao hawakuguswa. Kwa habari ya watu, maandiko ya Kiebrania yasema Yusufu aliwahamishia mijini. Tafsiri ya kale ya Kigiriki na Torati ya Wasamaria zasema aliwafanya watumwa. Herufi mbili tatu tu ndizo zinazotofautiana.

Wapo wanaomtetea, wakisema fungu la tano si kubwa kwa nchi za wakati ule, na kwamba watu wenyewe walimshukuru kwa kuwaponya. Ni kweli walishukuru. Mwenye njaa hushukuru. Nisiloweza kulipita ni kwamba nafaka ile ilitoka katika mashamba yao wenyewe, wala msimuliaji hatuambii popote kwamba walilipwa ilipochukuliwa. Ndoto ilifasiriwa sawasawa. Hesabu ya miaka ilikuwa kweli tupu. Na maana iliyo kweli ilimpa mfalme kile ambacho hakuna vita ingaliweza kumpa.

Nawe angalia jinsi jambo hilo lilivyorudi. Kitabu cha Kutoka chafunguka kwa mfalme mpya asiyemjua Yusufu, naye akawatia wajukuu wa ndugu zake katika kazi ya kulazimishwa. Wakajenga nini? Pithomu na Ramesesi, miji ya kuwekea akiba. Baadaye sana, wazee wa Israeli walipomtaka Samweli awawekee mfalme, aliwaonya kwamba mfalme atatwaa wana wao, mashamba yao, na sehemu ya kumi ya mazao. Sehemu ya kumi ni nusu ya alichotwaa Yusufu kwa Farao. Hawakusikia; mfalme wakapewa. Na mfalme huyo wa kwanza, Sauli, katika usiku wake wa mwisho kabla ya vita, hakujibiwa kwa ndoto, wala kwa manabii, akaenda kwa mwanamke wa Endori akiwa amejigeuza mavazi.

Sulemani naye aliota Gibeoni, akaomba moyo wa kufahamu. Ndoto ile haikuhitaji mfasiri, na nikiri kwamba yafanana kidogo na ya Thutmose: yaja mara tu baada ya sura inayoeleza jinsi wapinzani wake walivyouawa mmoja mmoja.

Yeremia alichoshwa kabisa na waotaji. Katika siku za Mfalme Sedekia, manabii waliwaahidi watu kwamba nira ya Babeli itavunjika upesi, na baadhi yao walijitapa kwa ndoto. Yeremia akawaonya hata wafalme wa nchi jirani wasiwasikilize, na penginepo akalinganisha ndoto za namna hiyo na makapi yaliyo kando ya ngano. Aliitwa msaliti kwa ajili hiyo. Mji ulipoanguka, waliokuwa wameahidi mema hawakutajwa tena.

Nimalizie kwa kisa kisichomo katika Biblia, bali katika Talmudi ya Babeli, kwa sababu kinaturudisha kwenye kile kinywa cha kwanza. Kaisari wa Rumi alimwambia Rabi Yehoshua mwana wa Hananya: ninyi mwajiita wenye hekima, basi niambie nitaota nini usiku wa leo. Rabi akamjibu kwamba ataota Waajemi wamemteka, wamempora, na wanamlazimisha kuchunga wanyama najisi kwa fimbo ya dhahabu. Kaisari akalifikiri neno hilo mchana kutwa. Usiku akalala, akaota vivyo hivyo.